Anayehama nyumbani ni nani? Anne Pusey, sokwe wa Gombe na karatasi za mjomba

Tangu Dk. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, atutoke tarehe 1 Oktoba 2025, watu wengi wanaojua mi ni mtu wa Mwamgongo, kijiji jirani na hifadhi ya Gombe, wamekuwa wakiniandikia, wengine pole, wengine wananiuliza kama nilishawahi kumuona, wengine wanataka tu nisimulie chochote kuhusu Gombe. Nimemlilia kweli, sitaki kuficha. Mtu aliyeshuka kwenye boti tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, na mama yake mzazi pembeni, akaifia mapenzi ile milima yetu maisha yake yote, huwezi kumsahau. Lakini yeye ameshaandikwa na ataandikwa sana. Leo naomba nimuandike mwanamama mwingine ambaye hata hapa Kigoma mjini ukitaja jina lake wengi watakuuliza ndo nani huyo. Anaitwa Anne Pusey. Ni profesa mstaafu, na kama sio yeye sidhani kama leo tungejua nusu ya tunayoyajua kuhusu sokwe majike. Na kama sio mjomba wangu na wenzake, yeye nae asingejua.

Nianze na mjomba basi. Mi nafundisha Baiolojia sekondari hapa mjini, lakini baiolojia ya kwanza niliisikia kwake, jioni, tumekaa nje kule kijijini karabai zinaanza kuwaka ziwani, shangazi anageuza migebuka kwenye mawese, na mjomba ndo karudi likizo kutoka kambini. Kazi yake ilikuwa kufuata sokwe. Kufuata, yani kufuata kweli. Anatoka saa kumi na moja alfajiri na tochi, anapanda bonde mpaka chini ya mti ambao jana yake jioni sokwe alijenga kiota, anakaa pale kwenye umande anasubiri aamke, maana sokwe akishuka kabla hujafika umempoteza na siku nzima imeenda. Akishuka, unaenda nae. Akipita chini ya miba kwa kutambaa, na wewe unatambaa. Akikaa masaa mawili anakula matunda, na wewe unakaa masaa mawili na njaa yako. Mpaka jioni ajenge kiota kingine, ndo unarudi.

Na mkononi ana karatasi. Ile karatasi naikumbuka vizuri kwasababu aliwahi kunichorea mfano wake kwenye daftari langu la hesabu, mistari na vyumba vidogo vidogo, kila baada ya robo saa unaandika nani yupo na huyo unayemfuata, nani kaja, nani kaondoka, jike gani yuko kwenye joto, alafu pembeni anakula nini kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na ramani ya mabonde aliyopita. Yote kwa penseli maana wino ukinyeshewa unatoka, na karatasi inakaa ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya shati. Nikamuuliza mjomba sasa haya yote ya nini, kila robo saa? Akasema, "Mama, mi naandika siku moja. Kuna watu kazi yao ni kusoma siku zote."

Sikumuelewa kabisa. Nimekuja kumuelewa nikiwa mtu mzima, nilipoanza kusoma kazi za Pusey.

Alikuja Gombe 1970, binti mdogo tu aliyemaliza Oxford, kama msaidizi wa utafiti. Wakati huo watu walishajua mambo makubwa, kwamba sokwe wanatengeneza vifaa, wanachomeka kijiti kwenye kichuguu wanavua mchwa, na kwamba wanawinda na kula nyama, hayo Jane aliyaona mwaka ule ule wa 1960 na dunia ikashtuka. Pusey yeye akachagua kitu ambacho hakina kelele. Akawa anaangalia mama na watoto, alafu akaingia kwa vijana, wale wanaotoka utotoni. Nini kinampata sokwe akibalehe? Nani anabaki kwao na nani anaondoka?

Ukiwa Muha swali hilo halikushangazi, kwetu binti ndo anayehama, unafungashiwa na kulia kidogo alafu unaenda kuanza maisha kwa watu ambao hujui hata wanapika ugali wao mgumu au laini. Kwa sokwe ikaonekana hivyo hivyo: dume anabaki kundi alilozaliwa mpaka kufa, jike akifika ujanani anaanza kupotea siku mbili, wiki, mwezi, na wengi wao siku moja hawarudi tena. Hapa niwe mkweli, walioliona hilo mapema zaidi ni Wajapani kule kwenye milima ya Mahale, kusini mwa mkoa wetu huu huu, wakiwa na Toshisada Nishida aliyeanza kazi pale 1965 na kuifanya mpaka alipofariki 2011. Kule kundi moja walilolifuata miaka mingi madume yake yaliisha, na majike wakahamia kundi jirani. Kwahiyo dunia nzima inajua tabia hii ya sokwe kwanza kutoka Kigoma, Gombe na Mahale, sehemu mbili ndani ya mkoa mmoja. Hilo silisikii likisemwa shuleni hata siku moja na linaniuma.

Pusey akaongeza kitu. Aliangalia majike vijana wakiwa bado nyumbani, akaona wakishaanza kuingia kwenye joto wanabadilika kwa kaka zao. Jana tu walikuwa wanatembea pamoja na kutoana kupe, leo binti anamkwepa kaka, na kaka akimtaka anapiga kelele na kukimbia. Alichapisha hilo 1980. Hakuna aliyewafundisha, hawana shehe wala padri wala mshenga, lakini ndugu wa tumbo moja wanaepukana. Kuhama nako kunasaidia jambo hilo hilo, huzai na ndugu yako kama umeenda mbali nae.

Ila sasa Gombe ilimpa kitendawili, maana sio wote wanahama. Karibu nusu wanabaki. Fifi ndo mfano ambao kila mtu wa Gombe anaujua, mtoto wa Flo, yule mama mzee wa sikio lililochanika. Fifi alizaliwa 1958, hakuhama, akamzaa Freud 1971, akaendelea mpaka watoto tisa, na watoto wake watatu wa kiume wakaja kuwa wakubwa wa kundi kwa nyakati tofauti. Kitinda mimba wake alipewa jina Furaha, na 2004 mama na mtoto wake wakapotea pamoja, hawakuonekana tena. Mjomba akimtaja Fifi anavua kofia.

Kwanini Fifi alibaki na wengine wakaondoka? Jibu lilichukua miaka zaidi ya thelathini kupatikana na hapa ndo naomba unisikilize vizuri maana ndo moyo wa jambo lenyewe.

Kwa madume, kujua nani mkubwa ni rahisi, wanapigana, wanaburuza matawi, wanarusha mawe, wiki moja tu ushajua. Majike hawana fujo hizo. Kila mmoja ana sehemu yake ya msitu anakula na watoto wake, wanakutana mara chache, wakikutana wanapuuzana. Wanasayansi wengi wakasema basi majike hawana mkubwa na mdogo, au hata kama wapo haina maana yoyote. Pusey hakukubali. Kuna sauti moja sokwe mdogo anaitoa mbele ya mkubwa, anahema na kuguna kwa pamoja, anainama kidogo, huh-huh-huh. Mi wanafunzi wangu nawaambia hiyo ndo shikamoo ya sokwe, maana mkubwa haitoi kwa mdogo hata siku moja, inaenda upande mmoja tu. Kati ya majike inasikika mara chache sana, unaweza kumfuata jike wiki nzima usiisikie. Lakini mtu akiifuata miaka thelathini, na kila ikisikika ikaandikwa na penseli nani kampa nani, zinakuwa nyingi za kutosha. Akazikusanya zote kutoka kwenye zile karatasi moja moja.

Matokeo yakatoka 1997, yeye na Jennifer Williams na Jane, kwenye jarida la Science. Majike wa juu watoto wao wanapona zaidi, mabinti zao wanakomaa mapema, na wao wenyewe wanazaa kwa kasi kubwa zaidi. Yani ile shikamoo ndogo ya msituni ambayo watu waliiona haina uzito, imebeba uhai wa mtoto. Wa juu anakaa kwenye sehemu yenye chakula kizuri, basi. Ukishajua hilo unaanza kumuelewa na Fifi, mama yake Flo alikuwa mkubwa mwenye sehemu nzuri, binti akabaki kwenye shamba la mama. Kuhama kwa sokwe jike sio jambo dogo, unafika ugenini majike wenyeji wanakupiga, wanakufukuza, unajibanza kwa madume wakulinde. Inabidi mtu apime.

Nirudi nyuma kidogo maana Pusey hakuishia kwa sokwe. Pale Gombe 1972 alikuja kijana mwingine, Craig Packer, akawa anasoma nyani, na kwa nyani ikawa kinyume kabisa, anayehama ni dume, jike anabaki na mama yake na shangazi zake. Baadae wote wawili wakaenda Serengeti kwa simba, na huko simba jike anabaki kwenye kundi la mama yake, dume kijana ndo anaondoka kwenda kutafuta pa kwake. Wanyama watatu, wote ndani ya Tanzania, swali moja. Napenda sana mtu anayeshika swali moja na kutembea nalo hivi badala ya kurukaruka.

Sasa zile karatasi. Mwezi Mei 1975 waasi walivuka ziwa usiku kutoka ng'ambo, Zaire ya wakati ule, wakaingia kambini Gombe wakateka watu wanne, vijana wa kigeni waliokuwa wanafanya utafiti. Waliachiwa baadae wote wazima, lakini kuanzia hapo kwa miaka mingi wageni hawakuruhusiwa kukaa, na utafiti wote ule ungeweza kufa siku ile. Haukufa. Waliobaki ni watu wetu, wa vijiji vya huku, ambao walishaanza kufundishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 60 baada ya mwanafunzi mmoja kuanguka kwenye jabali na kufa akiwa peke yake msituni, ikawekwa sheria kwamba hakuna mgeni kutembea bila mwenyeji. Wakaendelea kuamka saa kumi na moja. Wakaendelea kuandika, kwa Kiswahili. Vita ile ya makundi mawili ya sokwe wa Gombe, Kasakela na Kahama, iliyodumu miaka minne kuanzia 1974, aliyeshuhudia shambulio la kwanza kabisa, lile la dume aitwaye Godi, ni Hilali Matama, Mtanzania, na yote yaliyofuata miaka ile ya hatari yameandikwa na mikono ya Watanzania. Mjomba aliingia kazini baadae kidogo, akafundishwa na hao wazee.

Na Pusey, akiwa profesa Minnesota, miaka ya 90 ndo akaanza kuzikusanya, zile karatasi zote, mafaili kwa mafaili, akafungua kituo 1995, akawaweka vijana wanazisoma na kuziingiza kwenye kompyuta, za Kiswahili zinatafsiriwa. 2010 akahamia chuo cha Duke, North Carolina, na makabati yake yote. Kazi hiyo haina sifa jamani, haina picha nzuri, unakaa chumbani unasoma mwandiko wa mtu aliyeandika amechuchumaa kwenye mvua. Miaka na miaka. Mi namheshimu kwa hilo kuliko hata yale aliyoyagundua, maana bila hilo yasingegundulika.

Nitawaambia kwanini nalisema kwa uchungu. Mjomba alikuwa na tabia, akirudi nyumbani anaandika pia ya kwake, kwenye kaunta buku, mambo ambayo karatasi haikuwa na nafasi yake, sokwe gani alimlilia mtoto aliyekufa akambeba siku ngapi, mvua ilianza lini, mti gani wa porini ulizaa. Alikuwa nazo nne, kwenye boksi chini ya kitanda. Siku moja nimerudi likizo nikamuomba nizisome, tukavuta boksi, likabaki limeshika chini, lile tu la juu ndo likaja. Mchwa. Walipanda kutoka kwenye udongo wakala boksi wakala daftari, zimebaki kava na utepe wa pembeni na unga mwekundu. Mjomba alikaa kitandani hakusema kitu, shangazi akaleta ufagio, akasimama mlangoni nao, hakufagia. Miaka yake mingi ilikuwa pale, na ni yeye tu angeweza kuisimulia, nae ameanza kusahau.

Ndo maana watu wakiniuliza haikuumi kwamba karatasi zetu zimeenda Marekani, nawajibu ndio inauma na hapana haiumi. Natamani sana mwanafunzi wa Kalinzi au wa Ujiji aweze kufungua kompyuta akasoma mwandiko wa babu yake, hilo nitalidai mpaka niingie kaburini. Lakini zipo. Hazijaliwa.

Na kwasababu zipo zinaendelea kujibu maswali ambayo aliyeziandika hakuyajua kabisa. Mfano kile kirusi cha sokwe ambacho ni ndugu wa HIV, zamani ilisemwa kinakaa tu kwa sokwe bila kuwadhuru. Watafiti wakaokota kinyesi cha sokwe wa Gombe, wakapima, alafu wakalinganisha na kumbukumbu za nani alikufa lini na nani alizaa lini, na 2009 ikatangazwa kwamba wenye kirusi hatari yao ya kufa ni mara 10 mpaka 16 ya wasio nacho. Utajuaje hilo bila mtu kuwa ameandika vifo na vizazi kila mwaka?

Kuna watu wakisoma haya wanakimbilia kusema basi na sisi binadamu tumeumbwa hivyo, mwanamke ahame, mwanaume abaki kwao. Hapana. Vuka nchi nenda kusini kwa Wamakonde na Wayao, kwa desturi yao ya zamani mwanaume ndo anaenda kuishi kwa mkewe, na ni binadamu wale wale. Sokwe ni jirani yetu wa karibu sana kwenye ukoo wa viumbe, anatusaidia kuuliza maswali ya tulikotoka, ila hatupangii nani abebe mizigo. Wanafunzi wangu wa kike huwa nawaambia hivi wazi kabisa.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Binti wa sokwe anayetaka kuhama leo ataenda wapi? Gombe ni kipande kidogo tu cha milima kando ya ziwa, kuna kundi la Mitumba kaskazini, huku kwetu Mwamgongo tunawasikia kabisa wakipiga kelele asubuhi, kuna Kasakela katikati na Kalande kusini, na wote kwa pamoja sasaivi ni kama mia hivi. Nje ya mpaka zamani msitu ulikuwa unaendelea. Nimekua nikiona ile milima ikibaki mihogo na michikichi na udongo mwekundu unaoshuka ziwani mvua zikianza, na siwalaumu watu wetu, watoto lazima wale. Mradi wa TACARE, wa taasisi ya Jane, ulioanza 1994 uligundua mapema kwamba huwezi kuongea sokwe na mtu mwenye njaa, wakaanza na maji, zahanati, miche, na sasa vijiji vingi vina misitu yao ya hifadhi na miti imeanza kurudi, ukipita na boti kutoka Kibirizi unaiona kwa macho. Lakini njia ya kupitia sokwe jike kutoka Gombe kwenda msitu mwingine bado ni nyembamba mno, na asipohama, karatasi za Pusey zimeshatuambia kitakachofuata, atazaa na ndugu.

Jumamosi iliyopita nilipanda boti kwenda kumuona mjomba. Magoti yameisha, hatembei zaidi ya ufukweni. Nilikuwa nimeitafsiri ile kazi ya 1997 kwa Kiswahili, kurasa chache kwa mkono, nikamsomea tukiwa tumekaa kwenye mkeka, dagaa wameanikwa mbele yetu. Nilipofika kwenye shikamoo akaanza kutikisa kichwa, nilipofika kwenye watoto wa majike wakubwa kwamba wanapona zaidi akasema hilo sisi tulilijua, tukawa tunasema kule kambini, ila hatukujua kwamba karatasi nazo zimelijua.

Alafu akanyamaza, akaniuliza, "Na yule mgeni wameandika?"

Mgeni yupi mjomba?

Akanisimulia asubuhi moja, alikuwa anamfuata dume, wakatokea kwenye mteremko wa bonde, na kwenye mti wa pembeni kuna jike kijana amekaa peke yake, hamjui. Sura hajawahi kuiona. Madume wakasimama nywele, wakampandia, akashuka kwa kutetemeka akamgunia kila mmoja, akatoa mkono, akaguswa. Majike wawili wa Kasakela walipokuja wakamkimbiza mpaka kwenye mawe ya mtoni, akarudi tena kukaa karibu na madume, damu kwenye kidole. Mjomba hakuwa na jina la kuandika kwenye kachumba, akaandika "jike mgeni", na saa.

"Saa mbili na robo," akasema. "Siku hizi nasahau jina la mjukuu, hiyo sijaisahau. Wewe unajua hizo kompyuta zao, waulize. Kama wameandika saa mbili na robo basi ni yangu."

Nimeiandika kwenye simu hapo hapo mbele yake, nikamuonyesha. Jike mgeni, saa mbili na robo.